Kashata ya Noeli na Figo za Paroko



Wapendwa wanaparokia, Majilio yamekwisha kuanza, na hapa Tanga mwenye pua hahitaji kalenda ili ajue kwamba Noeli i karibu. Asubuhi nikitoka kanisani baada ya Misa ya kwanza nasikia mbuzi za nazi zikikwaruza uani kwa majirani, na jioni harufu ya hiliki na sukari inayoungua kidogo inanifikia hadi dirishani mwa nyumba ya mapadre. Akina mama wameanza kuulizana bei ya unga. Watoto wameanza kuchungulia makopo yaliyowekwa juu ya kabati.

Juma hili ninaomba ruhusa yenu nisieleze masomo ya Dominika, bali niseme juu ya kashata, visheti, tende na madafu. Atakayeshangaa kwamba padre anaacha altare na kuingia jikoni, namwomba asome hadi mwisho. Wengi wenu mnajua kwamba mimi ni mgonjwa wa figo, kwa kuwa mnaona ninavyoondoka alfajiri siku tatu za juma. Lakini wachache wanajua kwamba Noeli ya mwaka 2018 ilikaribia kuwa ya mwisho kwangu, na kwamba kilichonifikisha huko kiliandaliwa kwa upendo na mikono ya waamini wangu mwenyewe, nami nikakila nikitabasamu.

Niliambiwa habari ya figo zangu mwaka 2016. Nilikuwa na shinikizo la damu kwa miaka mingi na sikulishughulikia ipasavyo. Nilimeza dawa nilipokumbuka, na nilikumbuka kichwa kilipouma. Kufikia mwaka 2018 figo zilikuwa zimebakiwa na kama robo tu ya kazi yake. Daktari alinipa karatasi ya vyakula, nikaikunja, nikaiweka ndani ya kitabu cha sala, na humo ikabaki. Sikumwambia mtu isipokuwa katekista. Nilijidanganya kwamba ninawaepushia waamini wasiwasi. Ukweli ni kwamba niliona haya. Padre mwenye afya anaalikwa. Padre mgonjwa anahurumiwa, nami sikutaka kuhurumiwa.

Tarehe 26 Desemba mwaka huo, siku ya Mtakatifu Stefano, nilikwenda kuzitembelea Jumuiya kama ilivyo desturi yetu. Nyumba saba. Mnajua Desemba ya pwani ilivyo: jua linapiga, kanzu inashika mgongoni, na kila mlango ninaoingia napokewa kwa neno lilelile, "Karibu Baba Paroko, pumzika kwanza, unywe kitu." Katika nyumba nne kitu hicho kilikuwa glasi ya madafu. Katika mbili kilikuwa juisi ya machungwa ya Muheza, iliyokamuliwa muda huohuo. Kisha zikafuata sahani: kashata za nazi na za karanga, tende, korosho za kukaanga, kipande cha keki yenye zabibu kavu, ndizi mbivu kwa wale waliosema padre asile vitamu vya dukani tu. Nyumba ya tano jirani Mwislamu alileta bakuli la halua kwa heshima ya sikukuu yetu, kama sisi tunavyompelekea yeye wakati wa Idi. Ningemkatalia vipi mtu wa namna hiyo?

Sikumkatalia yeyote. Nilikula kidogo kila mahali, na huko kulikuwa kosa langu, maana kidogo mara saba si kidogo tena.

Usiku wa siku iliyofuata miguu ilikuwa mizito kama imefukiwa mchangani. Midomo ilikuwa na ganzi. Nilipopanda ngazi tatu za kibarazani moyo ulipiga, ukasita, ukapiga tena. Katekista alinitazama mara moja tu na kwenda kuwasha gari. Hospitali walinifunga nyaya za kupimia moyo, wakachukua damu, na jibu lilipotoka daktari wa zamu, binti ambaye angeweza kuwa mpwa wangu, alibadilika uso. Potasiamu katika damu ilikuwa 6.9. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 3.5 na 5 hivi. Ikipanda sana, moyo unaweza kusimama bila kumwonya mwenyewe.

Walinichoma dawa yenye kalisi mshipani ili kuulinda moyo, kisha wakanitundikia insulini pamoja na glukosi, ambayo huisukuma potasiamu itoke katika damu na kuingia ndani ya seli. Glukosi ni sukari, wapendwa. Nimelala pale nikidhani ninaadhibiwa kwa kula vitamu, na kumbe dawa inayoingia mkononi mwangu ni maji matamu. Nilimwambia yule daktari. Hakucheka. Aliniuliza, "Baba, jana na leo umekula nini?" Nikaanza kuvitaja kimoja kimoja kama mtu aliye kitubioni, naye akaandika tarakimu pembeni ya kila kimoja.

Tarakimu zile ninazo hadi leo, na ndizo zilizonifundisha kwamba nilikuwa nikiogopa kitu kisicho chenyewe. Glasi moja ya madafu, mililita 240 hivi, ina potasiamu kati ya miligramu 400 na 600. Glasi ya juisi ya machungwa hupita 400. Ndizi mbivu ya wastani hukaribia 400. Gramu 100 za tende hupita 600, na zabibu kavu zinazidi hapo. Kiganja cha korosho, kama gramu 30, ni karibu 200. Kashata moja ya karanga, ile niliyokuwa nikiitazama kama nyoka, haikufika 200, kwa sababu sehemu yake kubwa ni sukari. Mimi nilikuwa nimepangiwa miligramu 2,000 kwa siku nzima. Madafu peke yake yalikuwa yameimaliza siku hiyo kabla sijafika kwenye pilau.

Nataka hapa tuelewane vizuri, kwa sababu wengi wanachanganya figo na kisukari. Ni kweli kwamba kisukari na shinikizo la damu ndivyo vinavyoharibu figo za watu wengi zaidi duniani, na mwenye kisukari lazima ahesabu sukari yake, figo ziwe nzima au zisiwe nzima. Lakini kwa mgonjwa wa figo asiye na kisukari, sukari nyeupe yenyewe karibu haina potasiamu wala fosforasi. Asali nayo ina kidogo sana. Kinachotudhuru katika sahani ya sikukuu ni vile vilivyofuatana na sukari: nazi, karanga, korosho, tende, kakao, maziwa, matunda makavu, na kile kinywaji kilichowekwa pembeni. Ubuyu ule wa rangi nyekundu ambao watoto wanauramba hadi ndimi zinawaka una potasiamu nyingi kupita wanavyodhani wazazi wao. Kwa mtoto mwenye figo nzima si neno, kwa babu yake ni neno.

Ya pili ni fosforasi. Hii haimwangushi mtu usiku mmoja kama potasiamu. Inafanya kazi polepole: ikizidi katika damu, mwili unavuta kalisi kutoka mifupani, mishipa ya damu inakuwa migumu, na ngozi inawasha hadi mtu anajikuna usiku kucha. Fosforasi iliyomo ndani ya karanga na kunde mwili hauichukui yote; huchukua kama nusu au chini ya hapo. Bali ile inayotiwa viwandani huchukuliwa karibu yote. Imo katika soda nyeusi. Imo pia katika beking pauda za aina nyingi zinazoumua keki. Ukinunua biskuti au keki ya pakiti, tazama maandishi madogo nyuma yake: ukiona neno lolote lenye "fosfeti" ndani yake, au herufi E ikifuatwa na 338 hadi 341, au 450 hadi 452, ndiyo hiyo. Kwa sababu hiyo andazi au kalimati iliyoumuliwa kwa hamira ni rafiki zaidi kwetu kuliko keki ya dukani, ingawa zote ni tamu. Tena unga mweupe wa ngano, ambao kila mahali tunaambiwa ni duni, kwa mgonjwa wa figo una potasiamu na fosforasi kidogo kuliko unga usiokobolewa. Nilipolisema hili katika semina moja ya afya mama mmoja alitikisa kichwa na kuniambia, "Baba, sasa umeamua kutuchanganya." Sikumlaumu. Hata mimi nilichukua muda.

Nirudi kwenye ile karatasi niliyoikunja. Nilipotoka hospitali niliifungua kwa mara ya kwanza na kuisoma yote. Ilitaja matunda ambayo sijawahi kuyaona katika soko lolote la Tanga. Ilitaja jibini za aina sita. Haikutaja kashata, wala visheti, wala mkate wa kumimina, wala madafu. Mtu aliyeinakili aliinakili kutoka mahali ambako Noeli huja na theluji. Simtaji, wala simhukumu, maana nami ningeweza kuuliza na sikuuliza. Lakini nilijiuliza ni wazee wangapi wamepewa karatasi ya namna hiyo, wakasoma orodha ya vitu wasivyovijua, wakahitimisha kwamba visivyotajwa vimeruhusiwa, au kwamba vyote vimekatazwa.

Mmoja wa hao wa pili namjua. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, kiongozi wa Jumuiya yake kwa miaka mingi, nasi sote tulimwita Mwalimu. Alianza kusafishwa damu kabla yangu. Mtu fulani alimwambia, "Mwalimu, usiguse vitamu," naye kwa kuwa alikuwa mtu wa nidhamu hakugusa vitamu, kisha akaacha matunda, kisha akaacha maharage na samaki, hata akabaki na ugali na mchuzi mwembamba. Mwaka 2019 mjukuu wake alipokea Komunyo ya Kwanza. Nilikwenda nyumbani kwao baada ya Misa. Watu walikuwa ukumbini wakikata keki na kupiga vigelegele, Mwalimu hakuwepo. Nilimkuta chumba cha nyuma ameketi kitandani akiwa amevaa suti iliyokuwa imemwacha pande zote. Alinisalimu kwa heshima kama kawaida yake, kisha akasema, "Padre, nimetoka kwa sababu mtoto ameniletea kipande kwa mkono wake, nami sikuwa na jibu la kumpa."

Sikuwa na la kumfariji. Mimi niliyekaribia kufa kwa kutokataa nilikuwa nimeketi na mtu aliyekuwa akikonda kwa kukataa. Na kukonda huko si jambo la heshima tu. Mgonjwa anayesafishwa damu hupoteza protini katika kila kikao, na wataalamu humtaka ale protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, zaidi ya mgonjwa ambaye hajaanza kusafishwa. Tena anahitaji nguvu, na nguvu zinatoka katika wanga, mafuta na, ndiyo, sukari. Tulikwenda pamoja kwa mtaalamu wa lishe juma lililofuata. Yule mama alipima mkono wa Mwalimu kwa utepe, akatazama vipimo vyake vya damu, akamuuliza, "Mzee wangu, nani alikwambia usile?" Mwalimu hakumtaja.

Tulimwomba mtaalamu yule aiweke karatasi ya kigeni kando, tupite kitu kwa kitu katika sahani ya sikukuu ya pwani. Ilichukua asubuhi nzima. Jambo la kwanza alilotuambia ni kwamba hakuna orodha moja ya wagonjwa wote. Yule ambaye figo zake zimeanza tu kudhoofika huenda hana haja ya kupunguza potasiamu kabisa. Hata mwongozo wa lishe wa wataalamu wa figo wa Marekani, uliotolewa upya mwaka 2020, unataka kila mtu apangiwe kwa kufuata damu yake mwenyewe. Aliyepandikizwa figo ana masharti mengine tena: kwa mfano balungi, tunda tunalolidhani la afya, huvuruga dawa zinazoilinda figo mpya. Kwa hiyo ninayoyasema hapa ni ya mimi na Mwalimu. Wewe nenda na vipimo vyako.

Kwa sisi wawili ilikuwa hivi. Visheti vya unga mweupe, vilivyokandwa kwa maji badala ya tui, vikapakwa sukari na hiliki: viwili au vitatu, bila wasiwasi. Kalimati za hamira vivyo hivyo, ila shira ichujwe, maana shira ni maji. Halua iliyosongwa kwa wanga, sukari na samli, kijiko kimoja au viwili, korosho ziachwe kando. Kashata ya nazi au ya karanga, nusu yake, siku moja tu, na siku hiyo pasiwe na ndizi wala juisi. Tende moja. Chokoleti waachiwe wajukuu. Katika matunda nanasi ndilo rafiki yetu, kwa kuwa lina potasiamu chache kuliko embe, papai na ndizi. Vipande vyake vikichemshwa kwa sukari na mdalasini, maji yakamwagwa, ni kitamu kinachoweza kuwekwa mbele ya mgeni yeyote. Embe, na Desemba ndiyo msimu wake hapa kwetu, tulipewa kipande kimoja cha shavu, si embe zima. Fenesi tuliambiwa tulisahau. Na lile tunda lenye mbavu tano, ambalo ukilikata hutoa vipande vya umbo la nyota na watu hupenda kulipambia sahani, mgonjwa wa figo asilionje hata kidogo. Lina sumu ambayo figo nzima huitoa na figo dhaifu haziwezi. Huanza kwa kwikwi isiyokoma, kisha kuchanganyikiwa, kisha degedege, na wako waliokufa. Watafiti wa Brazil waliitambua sumu hiyo mwaka 2013.

Mwalimu alipotoka pale alinunua kashata moja kwa kijana aliyesimama langoni, akaivunja kati, akanipa nusu. Tulikula tumesimama juani kama wanafunzi watoro.

Baada ya hapo nilijua siwezi kuendelea kuficha. Dominika ya pili ya Majilio mwaka 2019, baada ya matangazo, niliwaambia waamini. Nilidhani kutakuwa na ukimya wa huzuni. Badala yake, nje ya kanisa, mwenyekiti wa WAWATA alinijia akiwa amekasirika kwelikweli. "Baba," alisema, "tumekulisha miaka yote hii. Ungetuambia tungejua la kukupikia. Mwaka jana sisi ndio tuliokupa madafu yale, na kama ungekufa tungebaki na dhambi isiyo yetu." Nimesikiliza mahubiri mengi na kuhubiri mengi zaidi. Machache yamenipata kama maneno ya mama yule. Nilidhani ukimya wangu ni unyenyekevu, kumbe nilikuwa nimewanyima watu uwezo wa kunitunza, na tena nimewabebesha mzigo bila wao kujua.

Akina mama hawakuishia kukasirika. Walikuja na daftari. Juma lile lile walipika visheti vya majaribio mara tatu, vya kwanza vikawa vigumu kama kokoto kwa kukosa tui, hata bibi mmoja mzee akasema waongeze kijiko cha samli na wakande kwa maji ya uvuguvugu. Waliulizana nani mwingine nyumbani ana figo, na hapo ndipo tulipogundua kwamba tuko kumi na mmoja katika parokia, na kila mmoja alidhani yu peke yake. Mmoja alikuwa akitumia ile chumvi mbadala inayouzwa kwa wenye shinikizo, bila kujua kwamba aina nyingi za chumvi hiyo zimetengenezwa kwa potasiamu. Aliitupa siku hiyo hiyo.

Figo zangu zilidumu hadi mwaka 2021, kisha nami nikaanza kusafishwa damu: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa nne kila kikao. Tangu hapo masharti yameongezeka, na yapo machache ambayo ningependa wenye mgonjwa nyumbani wayajue kabla ya sikukuu.

Kinywaji ni chakula pia kwetu. Kwa mtu asiyepata tena mkojo wa kutosha, chai, soda, uji, supu, barafu na shira vyote vinaingia katika hesabu moja, na kinachozidi kinakwenda kukaa mapafuni na miguuni. Vitamu na vyumvi huleta kiu, na kiu ndiyo inayotushinda. Mnaponikaribisha, kikombe kidogo kinanitosha. Msinijazie tena nikiwa ninazungumza, maana nina tabia ya kunywa bila kutazama. Na wale wanaomeza vidonge vya kuzuia fosforasi wakumbuke kwamba vidonge hivyo hufanya kazi vikikutana na chakula tumboni. Watu huvimeza na chakula cha mchana, kisha saa tatu usiku wanakula keki bila kidonge, na wakipimwa wanashangaa. Mwalimu alikuwa akiviweka katika mfuko wa shati, pamoja na kalamu.

Kisha kuna mkesha. Misa ya usiku wa Noeli ni ndefu, na wenye kisukari pamoja na figo dhaifu wako katika hatari ambayo wengi hawaijui: figo husaidia kuiondoa insulini mwilini, na zinapodhoofika insulini hukaa muda mrefu zaidi, hata sukari ikashuka ghafla. Ukimwona mtu anatoka jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyounganika, usimletee juisi ya machungwa, kwa sababu ya potasiamu yake. Mpe sukari iliyokorogwa katika maji machache, au pipi. Na asiogope habari ya saa moja ya mfungo kabla ya Komunyo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 919, inawaruhusu wazee, wagonjwa na wanaowahudumia kupokea hata kama wamekula muda mfupi kabla. Nitaweka pipi katika sakristia, kwenye kopo la bluu. Watumikiaji, nimezihesabu.

La mwisho ni kalenda. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba vifo na matatizo ya moyo kwa wanaosafishwa damu mara tatu kwa juma huongezeka baada ya lile pengo refu la siku mbili. Kwangu pengo hilo ni Dominika na Jumatatu. Yaani siku ambayo padre anaalikwa zaidi ndiyo siku ambayo anapaswa kula kwa uangalifu zaidi. Na Noeli ikiangukia siku ya kikao, vituo huhamisha ratiba, hivyo ulizeni mapema, msingoje wiki ya sikukuu mkute nafasi zimejaa na pengo limekuwa la siku tatu au nne.

Mwalimu alituacha mwaka 2023, baada ya Pasaka, kwa kiharusi. Noeli yake ya mwisho niliketi naye ukumbini, si chumba cha nyuma. Mjukuu yule, ambaye sasa alikuwa kijana wa sekondari, alimletea nusu kashata juu ya kisosi, na Mwalimu akatoa kidonge mfukoni, akakiweka mezani mbele ya watu wote kama mtu anayetoa kitambulisho, akala polepole hadi chembe ya mwisho.

Mjane wake angali ananiletea kopo kila Desemba. Ndani huwa na visheti vitatu. Juu ya mfuniko ameandika kwa kalamu ya wino: "Viwili vya Baba Paroko, cha tatu cha katekista." Katekista hulifungua yeye kwanza.

Ziara za Jumuiya mwaka huu zitafanyika siku za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia baada ya Noeli hadi Epifania. Wale ambao zamu yao ni Jumatatu, naomba mniandalie kikombe nusu cha chai ya rangi na kisheti kimoja tu. Wa Jumatano na Ijumaa mnaweza kuongeza nanasi. Wenye madafu, tafadhali mpeni katekista.

Nawatakieni Majilio mema. Tumsifu Yesu Kristo.

Paroko wenu